Masjala ya Ukoo Mzima

Jumatatu, 10 Machi 2025

Chai ya ofisi leo ilikuwa ya rangi. Ushirika wa wafugaji, wenye tangi la maziwa nyuma ya jengo, unakunywa chai ya rangi! Hapo ndipo nilipojua mambo yameharibika.

Saa nne Meneja Kinyanjui alituita ofisini kwake, mimi na Dianah. Mimi ni Urbanus Kitonga, mkuu wa masjala, mlinzi wa kila karatasi ya Ushirika wa Maziwa Mapambazuko hapa Thika. Dianah Ngendo ni wa kompyuta. Ana simu mbili, kucha ndefu, na tabia ya kuniita Mzee Kitonga ilhali nina miaka arobaini na minne tu.

Kinyanjui alisema uchumi umembana kila mtu, hata ng'ombe. Ushirika hauwezi tena kulipia stoo ya mafaili ya zamani kule Ruiru. Hauwezi kulipa ada ya hifadhi ya mtandaoni, ambayo inaisha tarehe ishirini. Tena hauwezi kulipa watu wawili kutunza rekodi. Atabaki mmoja. Kila mmoja wetu alete mpango Ijumaa, wa kutunza kila kitu bila kutoa hata shilingi.

Halafu akaongeza jambo. Kiwanda kimoja cha maziwa Ruiru kinataka kununua maziwa yetu yote kwa mkataba. Mwakilishi wao atakuja tarehe ishirini na nane kuona rekodi: nani ni mwanachama, nani ameleta maziwa kiasi gani tangu Julai mwaka jana. Asipoziona, hakuna mkataba. Bila mkataba, alisema, sote tutafute kazi nyingine.

Dianah aliandika yote kwenye tableti. Mimi niliandika kwenye kiganja, kisha nikanawa mikono kabla ya chakula cha mchana.

Jioni nimemweleza Carolyne, mke wangu. Kibanda chake cha mitumba pale Makongeni hakijauza kitu cha maana tangu Krismasi. Hakusema neno. Aliendelea kukunja sweta za watoto. Carolyne akinyamaza mimi huingiwa na hofu hasa. Lazima nibaki mimi.

Jumatano, 12 Machi

Nimetoka Ruiru. Stoo yetu iko Gitothua, nyuma ya nyumba ya Kang'ethe, mwenye ploti. Nilienda kuhesabu maboksi ya mafaili ili mpango wangu uwe na uzito.

Nimekuta sungura.

Kang'ethe alisema kodi ilichelewa, nafasi ni yake, na sungura wana soko siku hizi. Nikamuuliza mbona rafu za chini ziko tupu. Akasema sungura hawachagui. Wamewala wanachama wote kuanzia A hadi M. Wale wa kuanzia N bado wapo, ila wamelaliwa na kukojolewa, na hakuna afisa mwenye heshima zake atakayewagusa. Aliniuzia sungura mmoja kwa bei nafuu. Nimempikia Carolyne. Sikumwambia alilishwa nini.

Nimemwarifu Kinyanjui kwamba rekodi za karatasi zimeondolewa kwa utaratibu unaofaa. Amefurahi.

Kwa hiyo kila kitu sasa kiko mtandaoni tu, katika ile hifadhi ya kulipia inayofungwa baada ya wiki moja. Nilikuwa nimesimama stejini Ruiru nikila mahindi choma wazo liliponijia. Akaunti ya barua pepe ni ya bure! Ukifungua moja unapewa na nafasi ya kuweka mafaili yako, bure kabisa. Nafasi ya akaunti moja haitoshi ushirika. Lakini akaunti ishirini je?

Kikwazo ni kimoja. Kila akaunti inataka namba yake ya simu. Inatuma meseji yenye tarakimu sita, unaziandika kwenye kompyuta, mlango unafunguka. Sasa nani Thika nzima ana namba nyingi za simu za kutegemewa? Mtu wa ukoo mkubwa. Sisi wa Kithimani tunazaana.

Nimeanza na Shangazi Mbula, dada mkubwa wa marehemu baba na ndiye mwenye kauli ya mwisho nyumbani kwetu. Nilimpigia nikamwambia kuna namba zimeingia kwa simu yake, anisomee. Akanisomea moja moja, akaniuliza kama nimekula, akanibariki. Akaunti ya kwanza tayari. Akili hii ningekuwa nayo nikiwa shuleni leo ningekuwa waziri.

Ijumaa, 14 Machi

Tumewasilisha mipango.

Dianah alianza. Mpango wake: tununue diski mbili, tuweke nakala ya rekodi zote kwa kila moja, moja ikae ofisini na nyingine kwa mwenyekiti. Kisha tusafishe sajili ya wanachama. Ofisi inamtumia kila mwanachama namba kwa simu, anatusomea, tunajua kweli simu ni yake na yeye yuko hai. Ni mpango wa mtoto wa shule. Kinyanjui aliposikia neno "tununue" uso ulimkunjamana, nami nikatulia kitini.

Nikasimama. Nikasema mpango wangu haununui kitu. Rekodi zitasambazwa katika hifadhi nyingi salama, kila moja chini ya mtu mwaminifu. Sikusema mtu mwaminifu ni nani. Kinyanjui aliuliza gharama. Nikasema sifuri. Akanitazama kama mtu aliyeletewa chai ya maziwa.

Ila Dianah hakukubali kukaa chini. Aliomba ajaribu Jumatatu na wanachama wachache. Wakijibu vizuri, meneja atakuwa ameona faida, na hizo diski si ghali. Kinyanjui akakuna kidevu, akasema sawa, jaribio lifanyike, halafu ataamua.

 Wanachama wakijibu vizuri mimi nimekwisha.

Jumamosi, 15 Machi

Nimefanya jambo la busara. Ushirika una kikundi cha WhatsApp cha wanachama, na mimi nina laini ya pili ambayo hakuna anayeijua. Nimewatumia hii:

"TAHADHARI. Kuna matapeli wapya. Watakutumia namba kwa simu, kisha watakupigia uwasomee. USIWASOMEE. Hata wakisema ni ofisi. Hata mtu akiwa na sauti ya ndugu yako wa damu, siku hizi wanaiba sauti. Hata akikwambia yuko taabani. Hasa akikwambia yuko taabani. Mtumie kila unayempenda. Kwa taarifa na utekelezaji."

Hiyo sehemu ya ndugu wa damu niliiongeza kwa utamu tu. Ilihitaji chumvi.

Jumatatu, 17 Machi

Jaribio la Dianah limekufa kifo kibaya.

Alipiga simu asubuhi nzima. Mama mmoja wa Gatuanyaga alimtukana mpaka kwa babu. Mzee mwingine alimwombea aokoke aache wizi, na maombi yalikuwa marefu. Mtu wa tatu alisema ameshamrekodi na anampeleka polisi. Kufika saa sita Dianah alikuwa ameweka kichwa juu ya meza. Aliniambia, "Haki Mzee Kitonga, hawa watu nimewakosea nini?" Nilimhurumia kidogo. Nikampa kikombe cha chai ya rangi, cha kwangu mwenyewe.

Kinyanjui ameamua. Tunafuata mpango wa Kitonga.

Nimenunua nyama robo kilo nikaenda nayo nyumbani. Carolyne alicheka jikoni. Siku nyingi sijasikia hicho kicheko.

Alhamisi, 20 Machi

Nimehamisha kila kitu. Hifadhi ya kulipia imefungwa leo adhuhuri, na meneja alipiga makofi.

Ukoo umejitolea kwelikweli. Shangazi Mbula ameshika sajili ya wanachama. Binamu Kaleli, askari wa usiku kule Githurai 45, ameshika maziwa ya Julai hadi Desemba. Binamu Nduku, ambaye ni sista wa kanisa, ameshika maziwa ya Januari na Februari. Alinisomea namba zake Jumanne kabla hajaingia kwenye mafungo ya Kwaresima. Binamu Kimanzi ameshika rekodi za likizo za wafanyakazi. Waliobaki wamegawana chanjo za ng'ombe, mikutano, na picha za mwenyekiti.

Hakuna hata mmoja wao anayejua ameshika nini. Huo ndio usalama wa hali ya juu.

Dianah aliniomba nimwandikie nini kiko wapi. Nikamwambia kiko hapa, nikajigonga paji la uso. Mtu hawezi kufukuzwa kazi akiwa yeye ndiye kabati.

Jumatatu, 24 Machi

Kompyuta imenigeuka.

Nilifika asubuhi, nikafungua akaunti ya Shangazi. Ikakataa. Ikasema imeona shughuli zisizo za kawaida, akaunti nyingi za watu tofauti kwenye mashine moja, kwa hiyo inataka kuhakikisha mwenyewe ndiye mwenyewe. Imetuma namba mpya kwa simu yake. Nikajaribu ya Kaleli. Vilevile. Ya Nduku, vilevile. Zote!

Si neno. Nilimpigia Shangazi Mbula, nikamwambia zimeingia namba, anisomee kama juzi.

Akauliza mimi ni nani.

Nikasema ni Urbanus. Akasema sauti ni ya Urbanus, kweli, lakini jana kanisani baada ya sadaka mchungaji aliwasomea tangazo. Wanaiba sauti. Mpwa wa mzee wa kanisa alilitoa kwenye simu yake, na limetoka Thika, kwa watu wanaojua. Nikamwambia Shangazi, niko taabani, nisaidie. Akasema, "Hata hilo limeandikwa," akakata.

 Sijawahi kuandika kitu kikasomwa kanisani. Ni hisia ngeni, nusu yake ni fahari.

Kaleli simu yake iko kwa mtu wa kuchaji, naye amelala mchana. Nduku yuko kwenye mafungo na simu zote za masista zimefungiwa kabatini kwa Mama Mkuu. Kimanzi hapatikani kabisa. Mkewe anasema laini aliitupa, ilikuwa inamletea watu anaowakwepa.

Mwakilishi wa kiwanda anakuja Ijumaa. 

Jumanne, 25 Machi

Kinyanjui amejua. Aliomba jina la mwanachama mmoja tu, nikashindwa kumpa. Alikaa kwenye kiti changu akaniambia nimpigie huyo shangazi mbele yake, simu iwe kwa sauti ili wote wasikie. Dianah alisimama mlangoni.

Shangazi alipokea. Alisema sawa, kama mimi ni Urbanus wa kweli basi nijibu swali moja. Urbanus anaogopa nini?

Meneja ananitazama. Dianah ananitazama. Mimi ni mkuu wa masjala. Nikasema siogopi kitu.

Shangazi akasema, "Tapeli wewe. Urbanus wangu anaogopa bata mzinga," akakata simu.

Dianah alitoka nje. Nilimsikia akicheka hadi chooni. Kinyanjui hakucheka. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba wafugaji mia nne wanategemea mkataba huu, na kesho asubuhi niwe Kithimani.

Baadaye Shangazi alimpigia Carolyne kumjulisha kwamba simu ya mumewe imeingia mikononi mwa majambazi. Ukoo umeanza maombi.

Jumatano, 26 Machi

Nimetoka Kithimani. Nitaandika upesi, magoti yananiuma.

Nilibisha getini kwa Shangazi. Alinichungulia dirishani akasema siku hizi wanaiba hadi sura. Nikamwonyesha kitambulisho. Akasema vitambulisho bandia huchapishwa Nairobi. Nikamtajia majina ya babu zetu watatu. Akasema yako kwenye mawe ya makaburi, mtu yeyote anaweza kuyasoma.

Ndipo yule ndege akatokea nyuma ya ghala. Mkubwa, mweusi, shingo nyekundu, anavuta mabawa chini akinguruma. Shangazi bado anawafuga! Sikumbuki nilivyofika. Nilijikuta juu ya tangi la maji nimekumbatia mfereji wa mabati, viatu viko chini, na ninaita jina la marehemu mama.

Shangazi akafungua mlango. Akasema, "Ni yeye."

Nimekula ugali na mboga kwake, naye alinililia bega zima kwa furaha kwamba sijaibwa. Lakini namba hakunipa. Alisema tangazo limekataza kumsomea mtu, nalo halikusema isipokuwa Urbanus. Nikamweleza kwamba mimi mwenyewe ndiye... Hapana, sikumweleza. Alikuwa anamsifu sana aliyeliandika. Alisema ni mtu wa Mungu.

Uamuzi wake ni huu: atakuja Thika Ijumaa, ataandika namba kwa kidole chake mwenyewe, bila mtu kuangalia. Na amewapigia wengine wote. Hakuna wa ukoo atakayesoma namba kwa simu. Wote wanakuja.

Ijumaa, 28 Machi

Kufika saa mbili mapokezi ya ofisi yalikuwa yamejaa Wakitonga. Wengine walikuja na watoto. Mmoja alikuja na kuku, zawadi kwa meneja. Kaleli alifika kutoka Githurai akiwa na sare na rungu, akalala akiwa amesimama. Sista Nduku aliletwa na Mama Mkuu mwenyewe, ambaye ndiye aliyebeba simu ndani ya kitambaa kana kwamba ni sakramenti. Nduku hasemi hadi mafungo yaishe. Alinitazama tu. Ningependa angesema.

Kinyanjui alinivuta pembeni akaniuliza hawa watu watakula nini. Nikamwambia tulipie kidogo hotelini ng'ambo. Na nauli ya kurudi. Alishika ukuta.

Dianah ndiye aliyepanga mambo. Aliweka kiti kimoja mbele ya kompyuta, akawaita mmoja mmoja kwa jina, akawaambia shikamoo, akageuka nyuma kila mmoja alipoandika. Shangazi Mbula alifunika kibodi kwa leso. Aliandika kwa kidole kimoja, tarakimu moja, anaangalia bega la kushoto, tarakimu moja, anaangalia la kulia. Muda ukaisha. Namba zikatumwa upya. Akaanza tena.

Hapo ndipo alipoingia Madam Becky, mwakilishi wa kiwanda, kabla ya saa tuliyokubaliana. Aliutazama ule umati akauliza ni kina nani. Kinyanjui alijifanya anatafuta kalamu. Nikasema, "Ni hifadhi yetu." Ni ukweli mtupu.

Becky alisogea kuona kompyuta. Shangazi akamwambia arudi nyuma. Kinyanjui akasema mama, huyu ndiye mgeni wetu, mwonyeshe tu. Shangazi akasema hata awe nani, na wewe pia urudi nyuma. Mama Mkuu akaunga mkono kwa kichwa. Becky alirudi nyuma hadi mlangoni, akasema ametembelea vyama vingi vya ushirika na hajawahi kukatazwa rekodi namna hii. Sikujua kama ni sifa au ni lawama, nikaichukua kama sifa.

Hadi saa nane tulikuwa tumefungua zote isipokuwa ya Kimanzi. Laini yake ilishatupwa, hivyo rekodi za likizo zimekwenda. Hakuna tena anayejua nani amebakisha siku ngapi. Ofisi nzima imegundua ghafla kwamba haijawahi kwenda likizo.

Becky aliuliza jina moja, akapewa. Akauliza maziwa ya Oktoba, akapewa baada ya kumwamsha Kaleli. Akauliza ya Januari. Nduku akabonyeza. Zote zilikuwepo, sahihi hadi lita ya mwisho. Mimi si mzembe. Niliona Kinyanjui akifuta jasho, na mimi mwenyewe nilitaka kulia.

Becky atasaini. Lakini alisema wazi mbele ya wote: kabla Aprili haijaisha anataka rekodi ziwe mahali pamoja, chini ya mtu mmoja, zenye nakala mbili. Si ukoo. Akauliza kama kuna aliyewahi kufikiria jambo kama hilo. Kinyanjui akamtazama Dianah.

Jamaa walikula kuku na chapati. Kinyanjui alilipa, kisha akapiga hesabu nyuma ya risiti. Chakula na nauli vimezidi ada ya mwaka mzima ya ile hifadhi tuliyoifunga. Alinionyesha bila kusema neno. Sasa nina watu wawili wa kuninyamazia.

Jumatano, 2 Aprili

Imetoka rasmi. Anabaki Dianah. Diski mbili zimenunuliwa.

Mimi nabaki kwa muda tu, hadi akaunti ya mwisho ya ukoo itakapomalizwa. Kila moja ikishahamishwa inafutwa. Ikifutwa ya mwisho, nikabidhi funguo za masjala. Kinyanjui alisema kwa upole. Afadhali angefoka.

Dianah alikuja mezani kwangu mchana. Alisema anajua ni nani aliyeandika lile tangazo. Nikamuuliza lipi. Akasema hakuna tapeli wala msema kweli katika Kenya hii anayemaliza meseji kwa "Kwa taarifa na utekelezaji" isipokuwa mimi, nimeziandika hivyo barua zote za masjala. Akasema hajamwambia meneja, na hatamwambia. Anamfahamu Carolyne, hununua kwake blauzi. Akaniwekea kikombe cha chai. Ya maziwa, imerudi.

 Nilitaka kusema asante, na nilitaka kusema pole. Nikamwambia bahasha ziko kabati la kushoto.

Nimetafakari jambo hili njia nzima hadi nyumbani na nimelielewa. Ananiogopa.

Carolyne aliuliza kama ni kweli nimefutwa. Nikamwambia nimeteuliwa kusimamia uhamisho wa rekodi, kazi nyeti, ya muda usiojulikana. Akauliza usiojulikana kwa nani. Halafu akakaa kitandani akashika kichwa. Sikujua niweke mikono yangu wapi. Nampenda sana huyu mwanamke, na sina cha kumpa isipokuwa akili yangu.

Ijumaa, 4 Aprili

Dianah anafanya kazi haraka mno. Anaenda kwa watu mwenyewe na kompyuta ya mkononi, anakunywa chai yao, wanampa kidole. Shangazi Mbula alimalizwa jana. Alimpa Dianah hadi mayai. Kaleli amemalizwa. Mafungo ya Nduku yalikatizwa kwa robo saa kwa ruhusa maalumu. Leo asubuhi zilikuwa zimebaki akaunti tatu. Kwa mwendo huu ninakabidhi funguo Jumatano.

Nimekaa masjala peke yangu wakati wa chakula cha mchana, nikafikiri. Meneja alisema nabaki hadi akaunti ya mwisho imalizike. Hayo ndiyo maneno yake. Hakusema idadi.

Upande wa kwetu hawanisomei tena kitu. Lakini mtu aliyeoa ana koo mbili.

Nimefungua nyingine saba. Shemeji zangu walikuwa wakarimu ajabu, wala hawajawahi kusikia tangazo lolote. Humo nimehamishia vitu vidogo vidogo ili kila moja iwe na uzito wake: ratiba za malori, vipimo vya maziwa, namba za mihuri. Ule mkataba wa Madam Becky, uliosainiwa jana kwa kompyuta na unaotulisha sote, nimeuweka peke yake katika akaunti ya mama mkwe wangu kule Matuu, pahali pa heshima. Nakala ya kwenye mashine nimeifuta kabla haijafika kwenye diski, isije ikaleta mkanganyiko. Dianah akiuhitaji ataniuliza, nami nitampeleka mwenyewe, taratibu, wiki ijayo au ile nyingine.

Mama mkwe alinisomea tarakimu zote sita bila kuuliza swali hata moja. Laini yenyewe si yake, ni ya jirani aliyemwazima simu, lakini anasema wanaelewana sana.